Mwana wa Mwongeli

Katika michezo ya shule kuna meza ambayo kila mchezaji lazima apite mbele yake kabla ya kuruhusiwa kuingia uwanjani. Nyuma ya meza hukaa walimu wawili au watatu wenye fomu zilizobandikwa picha. Wanakuita kwa jina lililo kwenye fomu, unasogea, wanaiangalia picha, wanakuangalia wewe, kisha maswali yanaanza. Ulizaliwa lini? Namba yako ya mtihani wa darasa la nane ni ipi? Na mwisho kabisa, mama yako anaitwa nani? Hilo la mwisho lina sababu yake. Tarehe na namba mtu hukariri akashika. Lakini mtoto akiulizwa jina la mama, na fomu si yake, kitu humkwama kooni, na walimu wazoefu wa kazi hiyo hukaa wakikisikiliza hicho kitu.

Mimi hakikunikwama. Mwaka wa 2005, mjini Kitui, nikiwa na miaka kumi na minane, niliulizwa mama yangu ni nani nikajibu, "Mwongeli." Mama yangu anaitwa Mbithe. Asubuhi ile alikuwa amenifungia viazi vitamu vya njiani, akijua naenda Nairobi kutafuta kazi.

Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne mwaka mmoja kabla, sikuwa mwanafunzi tena wa shule yoyote. Mchezaji wa namna hiyo huitwa mamluki, na ni neno zuri kuliko anavyostahili. Shule yangu ya zamani, ambayo sitaitaja jina, iko ndani kidogo kutoka Malili, ilikuwa imefika michezo ya mkoa kwa mara ya kwanza katika raga ya wachezaji saba. Mwalimu wa michezo alitaka mbio zangu. Alinitafutia jina la kuchezea, akapata la Munyao.

Munyao alikuwa Kidato cha Tatu, winga kama mimi. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Nilimzidi hatua mbili katika mbio, basi. Aliambiwa kwamba mwaka huo atapumzika. Sasa, mwenye jina hawezi kuonekana shuleni wakati jina lake liko uwanjani, kwa hiyo alipelekwa Kyuso kwa shangazi yake, akakaa huko siku tatu akipura ndengu. Siku hizo tatu mimi nilifunga trai sita, ndiyo mabao ya raga, kwa jina lake. Watazamaji wa Kitui waliliimba mpaka sauti zikawakauka. Gazeti likatoa picha yangu nikikimbia, imepigwa kutoka nyuma, na chini yake wakaandika kwamba Munyao ameshindikana. Jamaa wa klabu moja ya Nairobi akaja kuuliza huyo Munyao ni nani. Akanong'onezewa ukweli, akacheka, akanichukua. Nairobi nikarudia jina langu la Nzioka kama mtu anayevua koti.

Mwaka uliofuata shule iliogopa kumchezesha Munyao. Waliomwona Munyao wa Kitui wangeshangaa kumwona Munyao mwingine, mfupi na mweusi zaidi. Hakuwahi kuchezea shule tena. Hayo niliyajua miaka yote niliyovaa jezi ya taifa, nilipopanda ndege, nilipopigwa picha uso kwa uso. Niliyajua na nilikula nikashiba.

Goti langu lilikwisha nikiwa na miaka thelathini na mbili. Nilikaakaa Nairobi nikijiita mshauri wa michezo, kazi ambayo hakuna anayeijua hata anayeifanya, mpaka shule yangu ya zamani iliponiita nikafundishe timu ya wasichana. Nilirudi nyumbani kwa shangwe. Kanisani niliitwa mbele nitoe ushuhuda. Nikasema Bwana aliniinua kutoka vumbini. Sikusema nilikanyaga mgongo wa nani nikiinuka. Munyao alikuwa benchi la tatu, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akasema amina pamoja na wengine.

Siku ya kwanza kazini nilimkuta uwanjani. Ndiye anayekata nyasi, anafunga milingoti na kuchora mistari kwa chokaa iliyochanganywa na jivu, maana chokaa peke yake shule haiwezi kununua ya kutosha. Alisimama, akajifuta mkono kwenye suruali, akanisalimia.

"Karibu nyumbani, coach. Hii upande ya juu iko na mawe kidogo. Nitaitoa."

Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu, au ningelinyamazia kwa kiburi kama mtu aliyeonewa. Lakini alinipa heshima yangu yote, nikaipokea, na tangu siku hiyo nikawa nafika mazoezini nikiwa nimechelewa makusudi ili nimkute amemaliza kuchora na amekwenda zake.

Halafu kulikuwa na binti yake. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo binti wa kwanza wa Munyao anaitwa Mwongeli, jina la nyanya yake, jina lile lile nililolisema pale mezani Kitui. Alikuwa Kidato cha Pili, na alikuwa mchezaji wangu wa kumi na mbili katika timu ya kumi na wawili. Si mwepesi sana, lakini akikukaba miguuni unakwenda chini, na haachi mpira uanguke. Kila jioni nililazimika kulitamka jina hilo kwa sauti mbele ya watu. Mwongeli, toa pasi. Mwongeli, rudi nyuma. Wasichana walidhani nina hasira naye.

Tulishinda michezo ya kaunti. Wiki mbili kabla ya kwenda Makindu kucheza na shule za Kitui na Machakos, mwalimu mkuu, Madam Kavindu, aliniita ofisini. Ndani nilimkuta msichana amekaa wima, miguu mirefu, viatu vya raba vimepasuka pembeni.

"Coach, huyu ni Katunge," mwalimu mkuu alisema. "Ametoka Kyuso. Alimaliza form four last year. Nataka umwone akikimbia."

Nilimwona akikimbia. Sihitaji kusema mengi. Nilisimama kwenye jua nikashika saa mkononi na nikasahau kuibonyeza.

"Tukiwa na huyu tunafika nationals," mwalimu mkuu alisema tuliporudi. "Sasa shida ni papers. Nimefikiria huyo wa mwisho, mtoto wa Munyao. Baba yake ni mtu wetu, hawezi kutusumbua."

Madam Kavindu alikuwa mgeni shuleni, amehamishwa kutoka mji wa Wote miaka mitatu tu iliyopita. Hakujua habari za 2005. Mimi ndiye niliyejua, na mlango wa ofisi ile ulikuwa wazi kabisa, mtu angeweza kusema hapana na kutoka bila hata kugusa kitasa. Lakini klabu moja ya Nairobi ilikuwa imeniambia kwamba nikiifikisha timu fainali za taifa watanifikiria ukocha. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayesimuliwa alivyokuwa. Nikasema, "Nitaongea na Munyao mwenyewe." Nilisema hivyo kana kwamba ninajitolea.

Jumamosi mchana nilikwenda kwao. Mwongeli alikuwa ameosha viatu vyake vya kuchezea akaviweka juu ya paa la jiko vikauke. Kocha hafiki nyumbani kwa mchezaji wa kumi na mbili bila sababu, na yeye sababu alikwisha kuikisia. Alinikaribisha kwa magoti, akakimbia kumwita baba yake shambani. Sikumbuki kama nilimjibu salamu.

Nyanya yake, Susu Mwongeli, alikuwa barazani akipepeta mbaazi. Macho yake yamekuwa hafifu, lakini sauti aliijua.

"Ni Nzioka wa Mbithe huyo?"

"Ni mimi, mwaitu."

Kila mwanamke wa umri wa mama yako unamwita mwaitu, yaani mama yetu. Ni adabu ya kawaida. Kwangu mimi na mwanamke yule halikuwa neno la kawaida, na sikuwa na lingine.

"Ingia ndani, mwana wakwa, jua ni kali. Mwongeli ataweka chai."

Mwana wakwa ni mwanangu. Niliingia, nikakaa. Ukutani, juu ya redio, kulikuwa na kipande cha gazeti kilichofunikwa kwa nailoni na kugandishwa kwa ugali pembe zote nne. Nilijua ni nini kabla sijakisoma. Mgongo wangu. Namba kumi na moja. Vumbi la Kitui. Na chini yake jina la Munyao, ambalo nailoni ilikuwa imelilinda vizuri kwa miaka karibu ishirini.

Susu alinifuata akipapasa ukuta. Alisimama chini ya ile karatasi akaigusa kwa kidole.

"Hiyo umeona? Ni Munyao, alipokuwa anacheza Kitui. Mimi sijui kusoma, lakini pasta alinisomea, na mwalimu wa Sunday School akanisomea, wote wakasoma jina moja."

"Ni picha nzuri, mwaitu."

"Watu wanasema huwezi kuona uso. Mimi nawaambia, mama anajua mtoto wake hata kwa mgongo."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji nyekundu, imepasuka karibu na mguu wa meza, na mpaka leo naweza kuchora ule ufa.

"Siku hizo ilikuwa furaha hapa," Susu aliendelea. "Watu walikuja. Hata mama yako alikuja. Mbithe alikuja kwa miguu kutoka Malili na kilo mbili za sukari, akanishika mkono, akaniambia, mwana wako ametuinua sisi wote. Na wewe ulikuwa huko Nairobi unatafuta kazi, hujapata. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, ngoja tu, hata wako Mungu atamkumbuka."

Mama hakuwahi kuniambia. Mama yangu alitembea kwenye jua na sukari yake kwenda kumpongeza mwanamke mwingine kwa ajili ya trai zangu, akaonewa huruma, akarudi. Chai ilipoletwa ilikuwa na sukari nyingi, kama wanavyokunywa wazee. Niliinywa yote maana kuiacha kungekuwa dharau.

Munyao alikuja, akanawa mikono, akanisalimia. Nikasema nahitaji cheti cha kuzaliwa cha Mwongeli kwa ajili ya usajili wa Makindu. Binti alikuwa mlangoni na birika. Alicheka kicheko kifupi cha furaha, akaziba mdomo, akatoka nje kwenda kutazama viatu vyake.

"Mwambie asikimbie na kichwa chini," Susu alisema. "Baba yake alikuwa na hiyo tabia. Hata kwa picha unaona."

Ni kweli, nilikuwa nakimbia na kichwa chini. Makocha watatu walijaribu kunitoa tabia hiyo.

Munyao alinisindikiza mpaka kwenye ua, pale penye lango la waya. Cheti kilikuwa mkononi mwake, kwenye bahasha ya kaki. Hakunipa mara moja.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Za nini?"

"Za kumficha."

Alisema bila kupandisha sauti. Nikajua kwamba alijua tangu aliponiona nimekaa ndani. Mtu aliyewahi kunyolewa hukitambua kiwembe hata kikiwa kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nimekileta mwenyewe mpaka mlangoni kwake.

"Tatu," nikasema.

"Shangazi bado yuko Kyuso. Na ndengu zimekauka saa hizi." Alinipa bahasha. "Mimi nina watoto wanne, Nzioka, na hiyo kazi ya shule ndiyo niko nayo. Sasa nitamwambia nini huyu?"

"Sijui."

"Mimi niliambiwa nitapumzika," alisema, akafunga lango.

Mtu mwingine angegeuka hapo akarudisha ile bahasha. Najua, maana nimeirudisha mara nyingi sana kichwani tangu siku hiyo. Siku yenyewe niliiweka ndani ya koti nikaenda kumfundisha Katunge maswali.

Tulikaa kwenye stoo ya michezo, kati ya mipira na neti za voliboli. Alishika tarehe haraka. Namba ya mtihani aliishika kwa mara mbili. Tulipofika kwenye swali la mwisho alianza kufungua fundo la neti.

"Coach, si wanaweza ruka hiyo?"

"Hawaruki hiyo."

"Mama yangu alikufa mwaka juzi. Mimi ndiye nilimshikilia. Sasa nikisema mama yangu ni huyo Mutanu, mama ya Mwongeli, si ni kama naye amekufa tena?"

"Ni neno moja tu, Katunge. Sekunde moja."

"Wewe uliwahi kusema?"

Nilitaka kumwuliza ni nani aliyemwambia, kisha nikaona hakuna aliyemwambia. Aliuliza tu, kama watoto wanavyouliza.

"Tuanze tena," nikasema. "Jina lako?"

Alhamisi asubuhi tulifika Makindu. Mwongeli alikuwa ameshapelekwa Kyuso Jumatano. Wasichana waliniuliza kwa nini, nikawaambia ana mambo ya nyumbani, na nahodha wetu, Kasyoki, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mwanafunzi anavyopaswa kumtazama mwalimu. Tulikula kwa Masingasinga, kwenye lile hekalu lao ambapo msafiri yeyote hulishwa chapati na dengu na hakuna anayemwuliza yeye ni nani. Kisha tukaenda uwanjani, na huko walikuwa wanauliza.

Mwalimu aliyekaa katikati ya meza aliitwa Musyimi, mzee wa mvi zilizokatwa fupi, miwani imefungwa uzi. Nilijiambia simjui. Msichana mmoja mmoja alipita. Mimi nilisimama hatua tatu nyuma, mahali pa makocha, mikono nyuma.

"Mwongeli Munyao."

Katunge alisogea.

"Ulizaliwa lini?"

Akasema. Namba ya mtihani, akasema. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akauliza taratibu kama mtu anayeuliza saa, "Na mama yako anaitwa nani?"

Nilisubiri akwame. Ndani yangu, na nalisema hili kwa aibu, nilikuwa naomba akwame, ili jambo life bila mimi kuliua. Katunge hakukwama. Alisema "Mutanu" kwa sauti safi, kisha akageuza kichwa kidogo akanitazama, kuona kama amesema vizuri. Nilikuwa nimemfundisha vizuri sana. Nilikubali kwa kichwa.

Musyimi aligonga muhuri. Kisha, badala ya kuita jina linalofuata, alinitazama mimi.

"Wewe si ndiye Nzioka aliyekuwa anachezea Kenya?"

"Ndio, mwalimu."

"Sasa niambie kitu." Aliinua fomu ya Katunge. "Hapa naona Munyao. Shule yenu ilikuwa na kijana anaitwa Munyao, mwaka wa 2005, kule Kitui. Mimi mwenyewe nilikuwa kwa hiyo meza. Huyu ni mtoto wake?"

"Ni mtoto wake."

"Ehe. Yule kijana alikuwa na mbio sijawahi kuona. Mwaka uliofuata nilimngojea, nikaambia hata watu wangu wa nyumbani waje wamwone. Hakuja. Nikafikiri aliumia." Alitabasamu, mzee wa watu, kwa kumbukumbu nzuri. "Aliishia wapi?"

"Anachora mistari," nikasema.

"Mistari gani?"

"Ya uwanja. Kwa shule yetu. Anachanganya chokaa na jivu."

Mzee aliacha kutabasamu. Alitikisa kichwa polepole. "Kipawa kama kile," alisema. "Pole yake. Lakini Mungu amempa msichana."

Nilikuwa nimekwisha kupita. Muhuri ulikuwa umegongwa, wino umekauka. Kilichonishinda ni ule wema. Mtu yule alimsikitikia Munyao kwa mbio zangu, na Munyao hakuwa hata na hizo mbio, alikuwa na mikono, mikono ambayo mzee yule hakuwahi kuiona kwa sababu siku ya kuiona ilikuwa inapura ndengu. Nilihisi uso wangu unawaka mpaka masikioni.

"Mwalimu," nikasema, "yule wa Kitui nilikuwa mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyejibu Mwongeli. Mama yangu anaitwa Mbithe." Sauti yangu ilikuwa ndogo, akainamisha sikio. "Na huyu hapa si Mwongeli. Mwongeli amefichwa Kyuso, kama baba yake. Ni mimi nilichukua cheti chake."

Wasichana wangu kumi na mmoja walikuwa kwenye mstari, na wote walisikia. Musyimi aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Aliwauliza wenzake jambo kwa Kikamba, wakaongea kidogo, kisha akavuta fomu zetu zote akazipanga sawasawa.

"Timu yenu irudi nyumbani," alisema. "Jina la mtoto wa Munyao nitaliacha, yeye hana makosa, mwakani aje acheze. Jina lako nitaliandika. Hutasimama tena mahali umesimama hapo." Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, "Na hao kumi na mmoja ulikuwa umewafikiria?"

Sikuwa nimewafikiria. Katika basi Kasyoki alilia mpaka Emali, akiwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, maana alikuwa Kidato cha Nne na kwake hapakuwa na mwakani. Hata ukweli nilikuwa nimeusema kwa gharama ya watu wengine. Katunge alikaa peke yake kiti cha nyuma. Tulipokaribia Malili alikuja mbele, akashika chuma cha kiti changu.

"Coach, si ungesema kabla sijamkana mama yangu?"

Alingoja jibu mpaka basi likasimama, kisha akashuka na mkoba wake.

Mwalimu mkuu alinifuta kazi kwa simu. Kesho yake nilikwenda kwa Munyao na bahasha ya kaki. Alikuwa anatoa baiskeli nje tayari kwenda stendi, apande gari la kwenda Kyuso kumchukua binti yake. Habari zilikuwa zimemfikia. Alipokea bahasha, akatazama ndani kama cheti kipo, akaitia mfukoni.

"Ungeniuliza kabla ya kusema," alisema. "Sasa kila mtu anajua mimi nilikuwa wapi zile siku tatu. Na mwaitu bado hajui. Nilimwacha na picha yake. Ilikuwa inamtosha."

"Nitamwambia mimi."

"Utamwambia wewe," alikubali, akaegemeza baiskeli ukutani. Hakutaka nimwambie mama yake nikiwa peke yangu naye. Au hakuniamini, na ana haki.

Susu alikuwa amekaa chini ya ile karatasi na redio imewashwa. Munyao aliizima. Nilipiga magoti, maana kusimama sikuweza na kuketi sikukaribishwa, nikamwambia yote, kuanzia viazi vitamu vya mama yangu mpaka muhuri wa Makindu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinua mkono akapapasa ukuta mpaka akaipata picha.

"Kwa hivyo huyu si Munyao."

"Si yeye, mwaitu."

"Huu mgongo niliouombea."

"Ni wangu."

Alimgeukia mwanawe. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mwaitu," Munyao alisema.

Nje kuku walikuwa wanachakura kwenye maganda ya mbaazi. Kisha aliniuliza, na alinijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni, lakini aliuliza kama hanijui, kama walivyouliza wale wa mezani.

"Wewe mama yako anaitwa nani?"

"Mbithe."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na ningeishukuru. Haikuwa hasira. Aliinamisha kichwa na kuanza kukunja kona ya leso yake, akiikunja na kuikunjua, na nikaona kwamba ile aibu yangu nimempa yeye, mwanamke mzee katika nyumba yake mwenyewe, aishike.

"Alikuja kwa miguu," alisema. "Nikamwambia angoje, hata wake Mungu atamkumbuka. Nilimwambia hivyo, mwenye mtoto. Na sukari yake nikapokea."

"Mwaitu, hukujua."

"Bandua hiyo karatasi umpelekee mama yako." Alisogea pembeni ili nipite. "Umwambie sikujua. Umwambie ile sukari, ningejua, ningemrudishia pale pale mlangoni."

Nikasema nitamwambia.